Wembe Mkononi mwa Fundi Bomba

Mtaa mzima ulimwita Fundi Bomba, na hata mkewe alimwita hivyo. Mikono yake minene ilizoea spana na mabomba yenye kutu, lakini tangu aoe haikuwahi kunyoa ndevu zake mwenyewe. Mkewe alikuwa binti wa kinyozi. Kila Jumapili asubuhi alimkalisha mlangoni mwa jikoni, akampaka povu, akafungua wembe wa kukunja alioachiwa na baba yake, kisha akamwambia, "Haya, funga bakuli." Ndipo Fundi aliponyamaza, yeye ambaye hakujua kunyamaza.

Mkewe alipofariki, Fundi aliziacha ndevu ziote. Kazini wakawa wanamwamkia kwa mzaha, "Shikamoo babu!" naye akacheka nao juu juu. Siku moja akaingia kwa kinyozi. Mashine ya umeme ikanguruma sikioni, na hajakaa sawasawa, kazi imekwisha. Hakuna aliyemshika kidevu. Alitoka akijipapasa kama mtu aliyeibiwa.

Ndevu zilipoota tena, alirudi kwa kinyozi yuleyule na wembe wa mkewe mfukoni.

"Nifundishe huu."

Kinyozi aliugeuza kwenye mwanga. "Umetunzwa vizuri. Lakini usianze na shingo yako, mzee wangu. Tafuta maputo. Puliza moja, lipake povu, linyoe. Wembe ulale, usisimame. Puto likipasuka, ujue umejikata."

Jioni hiyo Fundi aliketi jikoni na puto mapajani. Likapasuka, povu likaruka hadi darini. Akapuliza jingine, nalo likapasuka. Jirani akagonga ukuta.

"Fundi! Kuna nini huko?"

"Najifunza kunyoa!"

"Kwa bunduki?"

Fundi aliangua kicheko, akageukia chumbani ampelekee mtu kichekesho hicho kabla hakijapoa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upande mmoja. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Aliendelea jioni baada ya jioni, hadi puto moja likabaki zima, limeng'aa, halina povu.

Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya kioo. Shavu la kulia lilikubali. La kushoto, mkono ukakosa njia. Mkewe alikuwa akimzunguka tu; yeye angejizungukaje? Akahamishia wembe mkono wa kushoto, ukamkata chini ya taya. Akajigusisha jiwe la shabu kuzuia damu, likamchoma. Akakaa pembeni ya karai akalia, nusu ya uso ikiwa na povu linalokauka. Kisha akajikaza, akapaka jipya, akamaliza.

Mchana binti yake alipiga simu kutoka mbali alikoolewa.

"Baba, umekula?"

"Nimekula. Na nimenyoa."

"Kakunyoa nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Umejikata?"

"Kidogo tu. Chini ya taya, kushoto."

"Hapo hata mama alikuwa anapaogopa. Alisema una kifupa hapo, kila akifika anabana pumzi."

Fundi aliweka kidole kwenye jeraha. Kweli, kifupa kilikuwepo. Jumapili zote zile alikaa amefumba macho, akidhani mkono ule haukuwa na wasiwasi wowote.

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema ungeanza kutikisika."

"Ningetikisika kweli," Fundi akasema. Akavuta pumzi. "Alisema nini kingine? Usikate simu, mwanangu. Niambie na mengine."