Mirija Minane ya Gari la Papa

Nilikubali kutengeneza gari la papa nikiwa na nia mbaya. Nasema wazi, maana walionisifu kwa kazi ile hawakujua.

Ni Coccinelle, lile gari dogo la mviringo lenye injini nyuma, alilolinunua akiwa bado fundi wa reli. Lilikuwa linavuja oili hadi moshi unaingia kwenye viti. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na kaka zangu walishaikimbia zamani, ilipokuwa imara. Nikabaki mimi, mtoto wa kike, niliyejifunza ufundi huku nikipigwa spana ya kisogo kila nilipokosea.

Gari lilitakiwa kwa ajili ya mama. Alikuwa kwangu, mtaa wa Annexe, tangu siku papa alipomvunja jino. Majirani waliambiwa aliteleza. Wajomba walikaa kikao, na papa akaapa mbele yao kwamba hatainua tena mkono juu ya mtu yeyote wa nyumba yake. Mama akatoa sharti lake: papa akimaliza mwezi mzima bila kumpiga mtu, aje kumchukua Jumapili baada ya misa, tena aje na gari, watu waone. Nilipoingia uani kwa papa, mtaa wa Ruashi, na sanduku la vifaa, ilikuwa Jumamosi, na mwezi ulibakiza siku hiyo moja.

Nilitaka anipige. Kofi moja lingetosha. Ningelipeleka nyumbani shavuni, mama alione, habari ya kurudi iishe.

Nilijua pa kumchokoza. Oili hurudi tumboni mwa injini kupitia mirija minane myembamba ya bati, minne kila upande, iliyobanwa kati ya injini na vichwa vya silinda. Kuibadilisha kwa heshima unashusha injini na kufungua vichwa, kazi ya siku mbili. Njia ya mkato ni kuiponda mirija palepale ilipo, kuing'oa, na kutia mipya ya vipande viwili yenye springi, inayojitanua yenyewe. Papa aliichukia njia hiyo sawa na wizi. Mirija ile aliitia mwenyewe, mwaka niliozaliwa.

Nilijilaza chini, nikafungua vifuniko vya vichwa, nikachomoa fito zinazopita ndani ya mirija. Nikaweka patasi kwenye mrija wa kwanza, nikapiga nyundo.

Akatoka ndani mbio, akaniamuru niache. Nikaponda wa pili. Akasema injini inashushwa, ndivyo alivyonifundisha. Nikamjibu kwamba alichonifundisha ni kuvunja, na wa tatu nikauponda taratibu huku nikimtazama. Nikamtukana. Matusi ya siku ile siyaandiki hapa. Bati lilikuwa linalia, oili nyeusi inanidondokea kifuani, na nilifurahi, nilifurahi kweli, kila mrija ulipokunjika.

Nilipofika wa saba alichukua spana kubwa ya magurudumu, akaiinua. Nikatoka chini ya gari, nikamwekea shavu.

Spana ilikaa juu kwa muda. Kisha akaishusha, akailaza kwenye bampa la nyuma, na mkono wake wa kuume akauweka kando ya spana, mtupu.

"Sitakupiga, mutoto wangu," akasema. "Niliapa mbele ya bantu. Vunja tu."

Nikavunja. Ningependa kusema mkono wangu ulinitangulia, lakini nilijua ninapiga wapi. Nyundo ilishukia vidole vyake viwili vya mwisho, vikatoa sauti ndogo kuliko ya bati. Hakupiga kelele. Alikaa chini mchangani akiukumbatia mkono wake, nami nikamsimamia na nyundo, nikihema, na nilitaka kupiga tena.

Nilimfunga vidole kwa kijiti na kitambaa. Kisha nikarudi chini ya gari, nikavunja wa nane, nikatia mipya yote, kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Haikuvuja hata tone. Jioni mama alinikagua uso kwenye taa, akauliza kama papa amenigusa. Nikasema hapana. Akaenda kupiga pasi kitenge chake kipya huku akiimba.

Jumapili, Coccinelle ilisimama mlangoni kwangu bila moshi. Papa alishuka amevaa koti. Mama aliona kitambaa kabla hajamsalimia, akamuuliza mkono umefanya nini.

Papa hakunitazama.

"Niliteleza," akasema. "Nikaanguka ku mulango."

Mama aliganda, begi mkononi. Maneno yale yalikuwa yake. Alikuwa ameyasema kwa majirani, kwa padri, kwa wauguzi, kwetu sisi watoto, miaka yote ya ndoa yake. Akageuka, akanitazama mimi, akashusha macho mpaka kwenye mikono yangu, ambayo oili ilikuwa bado haijatoka kwenye kucha zake. Kisha akasogea hatua moja kunikwepa, akafungua mwenyewe mlango wa gari.