Lebo ya Njano Kwenye Kopo Namba Moja

Dukani walimwita Mama Njano, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila siku saa nne asubuhi alitoka stoo na mashine yake ya lebo mkononi, akaanza kuzungukia rafu. Mkate wa jana, mtindi unaokaribia tarehe yake ya mwisho, biskuti zilizopondeka pakiti: mashine inalia "taka", anabandika lebo ya njano, bei inashuka nusu. Wateja walimfuata nyuma kama vifaranga.

"Mama Njano, leo umependeza kweli."

"Mtindi bado una wiki nzima. Nenda zako."

Miaka kumi na sita ya kazi hiyo ilimfanya ajione mtu mbele za watu. Aliyemuudhi hakupata lebo. Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kumwita mfagiaji, na tangu siku hiyo Mama Njano akawa anaipita jibini anayoipenda mwalimu yule bila kuigusa, mpaka inaota ukungu. Hakuwa malaika.

Ni rafu moja tu ambayo mashine yake haikufika, ile ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Kopo namba moja, la mtoto asiyefikisha miezi sita, sheria ilikataza kulipunguzia bei. Ilikataza kulifungia zawadi, kulitangaza, hata kulipanga karibu na mlango likavutia macho. Tarehe ikikaribia, kopo halikuuzwa rahisi wala halikugawiwa bure. Lilishushwa stoo. Mama Njano alilitoboa kwa bisibisi, akamwaga unga kwenye pipa, akamiminia dawa ya choo juu yake asije mtu akauchota, kisha yeye na meneja wakatia saini kwenye daftari. Kwa miaka yote hiyo aliifanya kazi hiyo huku akipiga mluzi.

Mluzi ulikatika mwaka binti yake alipofariki, siku tatu baada ya kujifungua. Baba wa mtoto, dereva wa malori ya masafa, alizika, akamwachia mkwewe kitoto cha kike, akarudi barabarani. Kitoto kilikuwa kidogo mno hata wakakiita Punje.

Punje alikunywa kopo moja kwa wiki. Mshahara wa bibi yake, ukishatoa kodi ya chumba, uliishia kopo la pili. Basi bibi akaanza kuyavuta maziwa: unga kidogo, maji mengi. Chupa ilijaa vilevile, lakini ukiinua mwangani uliona vidole vyako upande wa pili.

Kliniki haidanganyiki. Punje alipofika miezi minne, muuguzi alimpima, akapima tena, akachora kwenye kadi mstari uliokuwa unateremka. Shangazi wa mtoto, dada yake yule dereva, alikuwepo. Alikuwa na saluni yake, alikuwa na mume, mtoto hakuwa naye. Aliichukua kadi akaisoma mpaka mwisho.

"Mama, mtoto anakwisha mikononi mwako. Akija kupimwa mwezi ujao hajaongezeka, namchukua. Na sitaomba ruhusa."

"Huyu ni damu ya binti yangu."

"Na ya kaka yangu. Ila damu hiyo unainywesha maji matupu."

Mama Njano aliikunja kadi, akaitia kwenye mkoba.

Wiki mbili baadaye meneja alimwonyesha makopo kumi na mawili ya namba moja. "Haya tarehe zake zinaingia. Kufika saa sita yawe yameshamwagwa."

Mama Njano alisugua mikono kwenye aproni.

"Bosi, nina mjukuu. Niuzie hata mawili kwa nusu bei. Nikatwe kwenye mshahara."

"Unataka nifungiwe duka?"

"Nani atajua?"

"Sheria imewekwa ili kina mama wasishawishiwe na bei wakaacha kunyonyesha. Umeisoma mwenyewe, imebandikwa ukutani."

"Bosi, mama yake huyu mtoto yuko kaburini. Nitamshawishi nani?"

Meneja alitazama saa yake. "Mama Njano, kama unaona maziwa ghali, mnyonyeshe wewe." Akacheka peke yake, akaenda zake ofisini.

Kuiba hakukuwaza. Mlangoni walinzi walifungua mpaka mikebe ya chakula. Lakini kichwani mwake kulikuwa na imani moja iliyojengeka miaka kumi na sita: kitu chochote akikibandika lebo ya njano kinakuwa cha nusu bei, basi. Hakuwahi kukaa kwenye kiti cha keshia hata siku moja. Aliona lebo ndiyo inayoamuru, na mashine ya keshia inatii tu.

Alichomoa kopo moja, akabandika. Taka. Akalipeleka kwa keshia ambaye kwa miaka mingi yeye alikuwa akimhifadhia soseji zenye lebo.

"Shoga, nipitishie hili haraka."

Keshia alilipitisha. Mashine ikapiga kelele kama king'ora, na taa nyekundu ikawaka juu ya kichwa chake.

"Imekataa, shoga."

"Rudia."

Akarudia. Kelele ikazidi. Kwenye foleni watu wakaanza kunyoosha shingo.

"Ah, kumbe maziwa ya watoto yamepunguzwa!" mwanamke mmoja mjamzito akasema. "Namba ngapi?"

"Yako wapi? Na sisi tupunguziwe!"

Wanawake watatu wakaacha vikapu vyao chini, wakakimbilia ile rafu. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa wa nne kwenye foleni, alitoa simu yake akalipiga picha kopo pamoja na lebo yake, polepole, bila kutetemeka.

"Leo mfagiaji kajifagia," akasema. "Picha hii wakaguzi wataipenda."

Mama Njano alimtazama keshia. "Waambie nilikosea."

Keshia alikuwa na watoto watatu na kazi moja. Meneja alipofika mbio akiuliza ni nani, keshia alinyoosha kidole hata kabla hajaulizwa mara ya pili.

"Ni yeye. Mimi nilimwambia haiwezekani."

Stoo, meneja hakupaza sauti. Alimwambia kazi imekwisha, sare aiache msumarini, mshahara wa mwezi ule usahauliwe maana faini inakuja.

"Sawa, bosi. Basi hili moja nilipie bei kamili. Hela hii hapa." Alibandua lebo kwa kucha. Ikachanika, kama zilivyotengenezwa zichanike, nusu ikabaki imeng'ang'ania bati.

"Hilo limeshaguswa. Haliuziki kwa bei yoyote." Meneja alimpa bisibisi. "Anza na hilo."

Alianza na hilo. Alitoboa kumi na mawili. Unga ulikuwa mzuri, mkavu, unanukia utamu. Ulipanda ukamwingia puani na kwenye kope. Meneja alisimama mlangoni akihesabu, na lilipomwagwa la mwisho akamsogezea dawa ya choo kwa ncha ya kiatu. Mama Njano aliimimina. Akatia saini.

Siku ya kliniki ilipofika, mstari kwenye kadi ulikuwa umeteremka tena. Jioni ileile shangazi alishuka kwenye teksi na makopo mawili mapya kwapani. Hakugombana. Aliomba maji yaliyochemshwa, akasoma maandishi kwenye kopo, akapima unga kama ulivyoandikwa, bila kukata.

Punje aliiparamia chupa kwa mikono miwili. Alikunywa mpaka akanyonya hewa, akacheua, akalala hapohapo mdomo wazi, tumbo limetuna. Mama Njano hakuwahi kumwona amelala hivyo. Alitamani mtoto alie, akatae, amtafute. Mtoto alikoroma.

"Nimesikia dukani kwenu kulikuwa na ofa," shangazi akasema.

Mama Njano alikunja vinguo, vilikuwa saba, akavitia kwenye mfuko, akautoa mpaka nje. Dereva wa teksi aliupokea akauweka nyuma. Shangazi aliingia na mtoto kifuani.

"Hulalia ubavu wa kushoto," Mama Njano akasema, ameinama dirishani. "Ukimlaza wa kulia hushtuka. Na usiku ukimwimbia..."

"Atazoea, mama," shangazi akasema, akapandisha kioo.