Ndege ya Mukebe Iliyobaki Katikati ya Meza

Siku moja ya mvua haijanitoka kichwani, mwanangu, nikiwa kijana hapahapa mtaani Lumumba. Mimi na rafiki yangu Ngabu tulikuwa na mchezo wa vita juu ya meza: askari wa udongo, dadu, kamba ya kupimia mwendo, na ndege tulizokata kwenye mikebe ya sardini. Askari hawakutusumbua. Ndege ndizo zilizotutesa! Ngabu alizitungia sheria za urefu, za mafuta, za upepo. Ndege moja ikipaa, askari wote wanangoja mpaka jioni.

"Tupunguze," nikamwambia. "Ipite mara moja, tutupe dadu, basi."

Akanuna, kisha akacheka. Mafuta tukaondoa, upepo tukaondoa. Nilipotaka kuondoa na ile ya kurudi, kwamba mchezo mpya hauanzi kabla ndege haijarudi kwa mwenyewe, mama yake Ngabu akaacha kupanga samaki wake wa kuuza, wa kutoka ziwani Tchomia.

"Aah, hapana! Zingine mutoe. Lakini kama munatuma mutu na hamuna sheria ya kumurudisha, huo haiko muchezo tena. Kutuma iko rahisi, batoto."

Sheria hiyo tukaibakiza.

Kisha vita ya kweli ikaja, nayo haikuwa na sheria hata moja. Mama yake Ngabu alikuwa amekwenda Djugu kwa ndugu zake. Ngabu akanyanyuka mezani, ndege yake ikiwa katikati. "Usiiguse. Ninaenda kuchukua mama, nitakuja kumaliza."

Hawakurudi, yeye wala mama. Niliuliza waliokimbia, nikauliza kwenye kambi za wakimbizi. Nimezeeka nikiuliza, mwanangu, na kwenye barabara ileile ya Djugu watu wanakimbia tena. Nimechoka hata kuomba.

Na weye jana umeniambia kuna vijana wanakuita porini, wanakuahidi bunduki. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ingekuwa guu tu, nisingelia.

Basi nisikie, hata kama sina tumaini kwamba utanisikia. Katika maisha rahisisha unachoweza, punguza maneno, punguza ubishi. Lakini anayekutuma, muulize kwanza: nitarudi namna gani? Akinyamaza, au akicheka, kaa nyumbani.

Mungu akufunike, mwanangu. Akupe watoto, akupe mvi kama zangu, na kila jioni akurudishe mlangoni kwetu. Ile ndege iko palepale mezani, na mchezo mwingine sijaanza.