Mtu wa Miti Amefika Leo

Mtu wa miti amefika leo. Baba tumemzika Jumamosi.

Wenye mlimjua mzee wangu hapa Rongo mnajua vile alimngoja huyu afisa. Serikali ilisema mkulima akipanda miti kando ya mto na kuiacha isimame, atalipwa. Baba akapanda. Pikipiki yoyote ikipita anatokea mlangoni: "Ni mtu wa miti?"

Halafu Baba akatuacha, ghafla tu.

Na matanga yetu mnayajua. Mwenye boma akifa, lazima magenga iwake uwanjani, ule moto wa magogo, usiku wote mpaka azikwe. Ndugu zake wakakataa kuni za kununua. "Mtu mwenye miti yake aombolezwe na kuni za soko?"

Power saw ikashuka mtoni. Mimi nikabeba magogo pamoja nao.

Sasa leo afisa ameshuka mtoni akakuta visiki. Akarudi polepole. Akaona jivu, akaona kaburi. Akavua kofia. Ni mtu wa huku, hakuuliza.

"Pole sana, mama. Lakini wanalipa miti yenye imesimama."

Mama akampikia chai, kwa kuni hizo hizo za Baba. Akanywa yote, akaaga.

Niambieni ukweli, nyinyi mngekataza miti ikatwe?

Maana pikipiki ya afisa ilipowaka, Mama aligeukia nyumba bila kufikiri, akaita kwa sauti:

"Baba Otieno! Toka basi, mtu wa miti anaenda!"