Pikapu ya Buluu Kutoka Njiro

Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa jeshi wakati wa vita kuu ya pili. Huko Burma aliendesha malori ya risasi na chakula kwenye matope ambayo, kwa maelezo yake, yalimeza gari mpaka kwenye taa. Aliporudi kwetu Akheri alikuja na koti la kijeshi, leseni aliyoitunza ndani ya mkebe wa sigara, na mguu wa kushoto usiokunjika vizuri. Hakuwa na gari la kuendesha. Alirudi kwenye migomba na kahawa kama ndugu zake, lakini lori lilipokwama barabara ya Tengeru, yeye ndiye aliyeitwa.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya misheni na kupata kazi ya ukarani bomani, Arusha mjini. Nilivaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi, soksi ndefu na viatu vya ngozi. Nikirudi nyumbani Jumamosi, nilitembea pembeni mwa njia ili vumbi lisinichafue. Nasema haya sasa bila kujitetea. Nilikuwa kijana aliyejipenda sana.

Mwaka ule kahawa ilizaa vizuri. Baba, baba mdogo, na shangazi yetu mjane wakakubaliana kununua gari moja la kazi, lililotumika. Mashamba yetu yalikuwa mawili: la juu, la kahawa na migomba, na la chini tambarare, la mahindi na maharage. Kati yake palikuwa na mlima wa udongo mwekundu na kijito cha kuvuka. Samadi, mahindi, magunia ya kahawa ya kupeleka kwenye ghala la ushirika, vyote vilipita pale juu ya vichwa vya wanawake na migongo ya punda. Shangazi aliuza mtamba wake wa pekee ili naye awe na sehemu.

"Wewe unajua Kiingereza," baba aliniambia. "Baba yako mdogo anajua magari. Mtakwenda wawili."

Nilikuwa nimesikia mjini kwamba mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge upande wa Njiro alikuwa akiuza magari mawili kabla ya kurudi kwao. Njiro wakati ule ilikuwa mashamba matupu, hakuna nyumba hata moja ya hizi za kuta ndefu. Tulishuka kwenye basi mjini, tukaenda kwa miguu. Njiani baba mdogo alinifundisha. Alifurahi sana siku ile, alikuwa akiongea mfululizo.

"Usitazame rangi," alisema. "Rangi hailimi. Kwanza gusa boneti. Ikiwa ya moto, ujue mwenyewe ameliwasha mapema ili usisikie linavyohangaika likiwa baridi. Halafu lala chini. Tazama springi, tazama chesisi kama imeungwa. Fungua oili ya difu, kule nyuma katikati ya magurudumu, ipake kidoleni. Ukiona chenga za chuma zinang'aa, ondoka. Na kwa mlima wetu ule, mwanangu, tafuta gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Hata kama halina milango."

Mimi nilikuwa nikiitikia "ndiyo, baba" huku nikimtazama kwa pembeni. Alikuwa amevaa lile koti lake la kijeshi, lenye viraka vya rangi tatu. Miguuni alikuwa na katambuga za tairi. Mfukoni alichomeka tambara la kufutia mikono, na chini ya kwapa alikuwa na gunia la kutandika atakapolala chini ya gari. Kadiri tulivyoikaribia nyumba ya yule mzungu, nyeupe, yenye veranda na maua, ndivyo nilivyozidi kupunguza mwendo ili nionekane niko peke yangu.

Mzungu alikuwa amekaa verandani. Nilimsalimia kwa Kiingereza, akashangaa, akafurahi. Alisema ni nadra kumpata mtu wa kwetu anayezungumza vizuri hivyo. Akaagiza niletewe kiti na chai. Nilikuwa sijawahi kukaribishwa kiti na mzungu kabla ya siku ile. Kisha akamtazama baba mdogo, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi na kofia yake mkononi.

"Na huyu ni boi wako?" aliniuliza, kwa Kiingereza.

Nilikuwa na muda wa kutosha kujibu sawasawa. Nisidanganye kwamba nilishtukizwa. Nilimwona baba mdogo, nikaona viraka vyake, nikaona kile kiti, nikasema, "Ndiyo, bwana. Ni mtu wangu wa mizigo."

"Mwambie akasubiri kule na vibarua," alisema mzungu.

Nikamgeukia ndugu wa baba yangu, mtu aliyenibeba mabegani nikiwa mtoto. Nisingeweza kumwita baba, maana mzungu alijua neno hilo. Nikasema, "Wewe, nenda kakae kule kwenye banda."

Alinitazama kidogo. Jambo nililolisahau, au nililoamua kulisahau, ni kwamba alikaa miaka minne chini ya maofisa wa Kiingereza. Kila neno lililosemwa pale alikuwa amelielewa kabla sijafungua mdomo kumtafsiria.

"Ndiyo, bwana," aliniambia. Akachukua gunia lake, akaenda, akiburuta ule mguu.

Nikanywa chai.

Baadaye mzungu alinionyesha magari. La kwanza lilikuwa lori dogo lililotoka jeshini, la kijani lililopauka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, viti vimechanika mpaka nyasi za ndani zinatoka. Lilivuta kwa magurudumu yote manne. Alilitumia kusomba mkonge na kuvuta visiki, na aliniambia wazi kwamba ni baya kwa sura lakini halijamwangusha. La pili lilikuwa pikapu ya buluu. Ilikuwa imeoshwa, inang'aa, na vioo vyote vizima. Bei zake zilikaribiana.

Niliweka kiganja juu ya boneti ya pikapu. Ilikuwa ya moto.

Niliondoa mkono. Kule kwenye banda nilimwona baba mdogo amesimama, shingo ameinyoosha, akiuangalia mkono wangu. Nilijua anachosubiri. Ningeweza kumwita tu, hata kwa jina la boi, aje alale chini atazame. Lakini ningemwita, na yeye angesema maneno ya fundi, na mzungu angejua kwamba yule hakuwa mtu wa mizigo. Na zaidi ya hapo, nilikuwa tayari nimeshajiona Jumapili mbele ya kanisa, nikishuka kwenye gari la buluu, watu wote wakigeuka.

"Nachukua hii," nilisema.

Nilikuwa sijui kuendesha. Mzungu aliuliza nani ataipeleka, nikasema mtu wangu anajua kidogo. Baba mdogo akaja, akafuta mikono kwa tambara lake, akapanda. Kutoka Njiro mpaka Tengeru hakusema kitu. Tulipoanza kupanda kwetu, akasema maneno mawili tu: "Klachi inakwisha." Nikajibu kwamba itarekebishwa.

Nyumbani walitupokea kwa vigelegele. Shangazi aliizunguka pikapu mara mbili, akaipapasa ubavuni kama anavyopapasa ng'ombe. Baba alimshika ndugu yake mkono, akamwambia, "Umetuchagulia vizuri." Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. Jumapili nilishuka mbele ya kanisa kama nilivyotaka, na watu waligeuka kama nilivyotaka.

Wakati wa kiangazi ilifanya kazi. Ilibeba samadi nusu nusu, maana ikijazwa ilinuka klachi. Kisha mvua za vuli zikaja.

Siku ile nilikuwepo. Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, na shangazi alikuwa amepakia kahawa yake yote iliyokwisha kukaushwa kwenye jua la shamba la chini, magunia yaliyofunikwa turubai. Yeye mwenyewe alikaa mbele. Baba mdogo aliendesha polepole, akavuka kijito vizuri, akaanza kupanda. Katikati ya mlima magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka pale pale. Moshi wa klachi ukatoka. Gari likasimama, halafu likaanza kurudi nyuma. Nilikuwa nikitembea nyuma yake na wanaume wengine wawili. Tulitupa mawe, tukaruka pembeni. Baba mdogo aliligongesha kwenye ukingo wa njia kwa makusudi, lisiingie kijitoni na shangazi ndani. Springi ya nyuma ikakatika, gari likalala ubavu, na magunia yakaporomoka majini.

Shangazi alitoka mzima. Hakuyaangalia magoti yake yaliyochubuka. Aliingia majini na kanga yake, akaanza kukumbatia magunia. Tuliyatoa yote, lakini kahawa ikishalowa namna ile haiwi tena kahawa nzuri. Huko ghalani waliipokea kama takataka. Mtamba alikwenda, na mavuno yakamfuata.

Jioni ile baba alituita nyumbani kwake. Alimwuliza ndugu yake, si mimi. Alimwuliza bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Wewe ndiye unayejua magari. Uliiangalia chini?"

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Shangazi alikuwa amejifunika blanketi, mkono umeshika kikombe. Baba mdogo akasema, "Sikuangalia vizuri. Nilipendezwa na rangi."

"Wewe?" alisema shangazi. "Wewe ulipendezwa na rangi?"

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

Nilingoja anitazame. Laiti angenitazama, labda ningesema. Hakunitazama, na mimi sikusema.

Habari zilienea. Kijijini kila mtu alijua kwamba dereva wa Burma alidanganywa na rangi. Lori likikwama, hakuitwa tena. Kulikuwa na mwenye duka mmoja Tengeru aliyekuwa amemwahidi kazi ya kuendesha gari lake jipya. Alibadili mawazo, akamchukua mtu wa mjini. Baba mdogo aliendelea na kahawa yake. Nilimkuta mara nyingi akiwa chini ya ile pikapu, akijaribu kuunga springi kwa vipande vya chuma. Nilimsalimia, "Shikamoo, baba," naye akajibu "Marahaba," basi. Ile "mwanangu" aliyozoea kuiongeza mwishoni ilikuwa imeondoka.

Nilivumilia mpaka baada ya Krismasi. Siku moja mchana nilikwenda, nikachuchumaa karibu na miguu yake iliyotokeza chini ya gari.

"Baba, kwa nini hukuwaambia?"

Nyundo ilinyamaza. "Ningewaambia nini?"

"Kwamba nilichagua mimi. Kwamba hukupewa nafasi ya kuangalia."

"Na wangeuliza kwa nini sikupewa nafasi. Ningesema nilikuwa wapi? Ningemwambia kaka yangu kwamba nilikuwa nani siku ile?"

Alijivuta nje, akakaa, akafuta mikono. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo, ilikuwa ya zamani tayari.

"Huko vitani niliitwa boi kila siku," alisema. "Waliniita hivyo watu wasionijua. Wewe unanijua."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimweleza baba yote, kiti na chai na lile neno. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza hakunipiga wala hakunitukana. Alichukua fimbo yake, akaenda kwa mdogo wake, na walikaa huko mpaka jua likashuka. Aliporudi aliniambia, "Kwa shangazi yako utakwenda mwenyewe. Siwezi kukubebea hilo."

Shangazi alikuwa akimenya ndizi. Alinisikiliza bila kuacha kumenya. Mwishoni akasema, "Ningeweza kusamehe kahawa," akainua sufuria, akaingia ndani. Alinisamehe hatimaye, kwa njia ya kunipa chakula na kuniulizia watoto. Lakini jambo lile lenyewe hakuligusa tena.

Pikapu ilitengenezwa, ikauzwa kwa mfanyabiashara wa mjini, na nilikuwa nikiiona ikipita kwenye lami kwa miaka mingi, haina tabu yoyote. Halikuwa gari bovu sana. Lilikuwa gari lisilotufaa. Kwenye fedha ya mauzo baba, baba mdogo na shangazi wakaongeza kidogo kila mmoja ili wanunue lingine, na mimi nikatoa mshahara wangu wa miezi kadhaa, nikiwa na furaha kwamba walau wameupokea. Safari hii baba mdogo alikwenda na shangazi. Mimi sikuambiwa siku wala mahali. Waliporudi walikuja na lori lisilo na milango wala kioo cha mbele, la kutisha kwa sura. Lilipanda ule mlima kwenye masika likiwa limejaa. Polepole watu walianza tena kumwita baba mdogo magari yakikwama.

Alifariki mwaka mmoja kabla ya Uhuru, kwa homa ya mapafu. Kwa kuwa nilikuwa msomi wa ukoo, mimi ndiye niliyepewa kusoma historia ya marehemu kanisani. Niliiandika vizuri. Nilitaja Burma, leseni yake, lori lake, na jinsi alivyomwokoa dada yake siku ya mvua. Niliposoma hapo kwenye kumwokoa dada yake, nilimwona shangazi kwenye benchi la mbele ameinua macho, ananitazama, anangoja niendelee kidogo, nifike kwenye ile rangi. Nikageuza karatasi, nikasoma majina ya watoto wake.