Pedali ya Tatu

Gari lilikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu majirani wote Kitengela walizoea kuliita gari la mume wangu, hata waliponiona mimi ndani yake, peke yangu, kiwiko dirishani. Baba yangu ndiye aliyelinunua kwa daktari wa mifugo, Mzungu aliyekuwa akifunga virago kuondoka Kajiado. Lilikuwa la zamani hata siku hiyo, la Kijerumani, rangi ya chai yenye maziwa mengi, viti vimepasuka, usukani mkubwa kama sinia. Baba hakuyaangalia hayo. Alilipenda kwa kuwa lilikuwa na pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki. Gia zilijibadilisha zenyewe.

Mguu wangu wa kushoto uliharibiwa na polio kabla sijajua kutembea. Nikiufunga chuma unanibeba, lakini hauna nguvu ya kukanyaga kitu kikashuka. Katika gari la klachi mimi ni abiria, basi. Katika lile la daktari nilikuwa dereva, tena dereva mwenye matusi.

Nilifundisha shule ya msingi Kajiado. Nilipoolewa tulijenga Kitengela, kwa kuwa mume wangu alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja upande wa Athi River. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Kitengela bado nyumba chache na nyaya za ua, zimesimama juu ya ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unashika kiatu na kukataa kukirudisha. Asubuhi niliupita, nikashika lami, nikapita Isinya na punda milia wakinitazama kutoka kando. Jioni nikitaka kupitia kwa rafiki nilipitia, na nikichelewa nilichelewa. Hakuna aliyenishika mkono kunipandisha popote. Watu wenye miguu miwili mizima hawaujui utamu wa jambo hilo na sitajipa kazi ya kuwaeleza.

Giaboksi ilikufa siku moja nikirudi nyumbani. Injini ilinguruma nilipokanyaga mafuta, na gari likakaa pale pale. Mwenye pikapu alinivuta kwa kamba mpaka kwenye yadi ya fundi wetu, na mume wangu akaja kutoka kazini na vumbi lake la kiwandani. Walifungua boneti, wakaongea kwa sauti ya chini, migongo wamenipa. Mimi nilikuwa ndani ya gari na sikusikia kitu. Waliporudi dirishani mambo yalikuwa yamekatwa. Fundi alisema kuna giaboksi ya pikapu iliyopinduka, ya kawaida, ya mkono, na ataifunga vizuri kabisa.

Nilimwuliza fundi nitakanyaga klachi kwa mguu upi. Yeye akamtazama mume wangu, ndiye amjibie.

"Usijali," mume wangu alisema. "Nitakuwa nakupeleka."

Aliyasema kwa upole na mkono begani mwangu. Kama angekuwa mkali ningepigana naye pale pale, maana kupigana nakuweza. Upole ulinifunga mdomo. Ungemgombeza vipi mtu anayejitolea kukubeba maisha yake yote?

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikwenda yadi kila siku na kuketi juu ya tairi kuangalia gari langu likipasuliwa. Giaboksi ya zamani iliteremshwa ikitoa mafuta meusi yenye harufu ya kuungua. Ile ya pikapu ilikuwa fupi, ikabidi wachomelee vyuma vipya vya kuishikilia na kuirefusha shafti inayopeleka nguvu nyuma. Hayo niliyavumilia. Lililonishinda ni sakafu. Gia za gari lile zilikuwa kwenye usukani, kijiti chembamba tu, na sasa palihitajika tundu katikati ya viti vya mbele ili gia mpya itokeze. Fundi alichora duara kwa chaki, akaweka patasi, akaanza kugonga. Bati lile lilikuwa gumu na kila pigo lililia yadi nzima. Nililia pia, na nikasingizia moshi wa kuchomelea.

Mwishowe walifunga pedali ya tatu. Fundi alizisogeza zile mbili kulia kidogo, akaning'iniza ya klachi kushoto, waya wake ukapenya kwenda mbele. Gia ilikuwa ndefu mno, na kichwani ilikuwa na kirungu cha lori. Mume wangu alizunguka nalo yadi mara kadhaa, wanaume wakapiga makofi na kusema sasa hilo ndilo gari. Nilipiga makofi pia. Kilema akinuna watu husema ana roho mbaya.

Basi nikaanza kupelekwa. Siku zangu zikawa zamu za kiwanda. Akiwa na zamu ya mapema nilifika shuleni kabla ya bawabu, nikasimama langoni na mbuzi. Akichelewa kutoka, nilimsubiri Kajiado mpaka walimu wote wameondoka, nikimwambia kila anayepita kwamba sijambo, nachukuliwa sasa hivi. Kwa rafiki sikupitia tena, kwa kuwa ingebidi niombe. Akina mama wa kanisani walinishika mikono wakisema Mungu amenipa mwanamume wa kipekee, kwao hata kuteremshiwa mtungi wa gesi ni vita. Niliitikia amina. Nyumbani nilipika, nikasahihisha madaftari, nikaangalia gari dirishani lilivyokaa uani, na kuna jioni nilizotamani liibwe ili nisilione.

Ilipita hivyo zaidi ya mwaka. Aliyenifungulia mlango ni yeye mwenyewe, na hakujua.

Tulikuwa tunatoka Kajiado, tumekaribia Isinya, waya wa klachi ukakatika. Pedali ilianguka sakafuni ikalala. Nilifikiri tutalala njiani, lakini mume wangu alicheka, akafurahi kabisa, kama mtu aliyesubiri siku ya kujionyesha. Alizima injini, akatia gia ya kwanza, akawasha hivyo hivyo ndani ya gia. Gari liliruka, likakohoa, likaenda. Kisha akaachia mafuta kidogo, akavuta gia ikatoka, akasikiliza injini ikishuka, akaisukuma ya pili ikaingia bila kelele.

"Gari haihitaji klachi," alinifundisha kwa majivuno. "Inahitaji masikio. Ukisimama tu ndio shida, ni uzime na uanze tena."

Mikono yangu ilikuwa mapajani na mguu wangu mbovu umenyooka mbele yangu. Nilimwambia yeye ni dereva hodari. Moyo ulinienda mbio mpaka nikahisi ataona blauzi ikicheza.

Nilingoja Jumamosi moja aliyochukuliwa na lori la kiwanda, akaacha ufunguo mezani. Kajiado sikuwa na shughuli yoyote. Nilifungua geti, nikaketi kulia kwa mara ya kwanza tangu yadi, nikatia gia ya kwanza na kuwasha. Gari liliruka kama mbuzi aliyekanyagwa na kunitoa nje ya kiwanja. Ya pili niliikosa, meno yakasagana vibaya sana, nikaitukana kwa Kikamba. Kufika lami nilikuwa nimeipata. Ya tatu iliingia laini, na ya nne nikaiweka mwenyewe, nikaiacha humo.

Isinya ilipita. Kwa tundu la sakafu vumbi lilikuwa likinipanda magotini na sikujali. Kajiado barabara kuu inapita ubavuni mwa mji, na nilipofika pale pa kukatia kwenda shuleni niliona ningelazimika kusimama. Mguu wangu wa kulia haukutoka kwenye mafuta. Niliuona mji ukibaki nyuma kwenye kioo na nikasema kwa sauti, peke yangu, kwamba nitageuza mbele kidogo. Mbele kidogo ikawa Bisil.

Huko ng'ombe wa mnada walikuwa wameijaza lami. Nilikanyaga breki, gari likazima. Mchungaji mmoja kijana alikuja dirishani, fimbo begani.

"Sopa, yeyo," alinisalimu kwa Kimaasai, akiniita mama. "Gari imekufa?"

Nilimwambia haijafa, inapumzika. Ng'ombe walipita taratibu wakijisugua kwenye milango. Hata walipokwisha sikuwasha. Mbele yangu barabara ilikuwa wazi mpaka Namanga, kwenye mpaka wa Tanzania, nami nilikaa pale nikiitazama, na nilikuwa na furaha, furaha nzito ya kutisha. Tangu nitoke getini sikuwa nimemfikiria mume wangu hata mara moja.

Nikageuza kwa sababu mafuta hayangefika.

Nilimkuta amesimama getini. Alikuwa amerudi mapema, akakuta uwanja mtupu. Hakufoka. Alinifungulia, nikaingia na kuzima, na yeye akaja akashika dirisha kwa mikono miwili.

"Umefika wapi?"

"Bisil."

Alitazama gia, kisha pedali. Niliona anapiga hesabu ya siku ile waya ulipokatika, na akaipata.

"Ile giaboksi ya kwanza," alisema, "fundi alisema inaweza kutengenezwa. Kuna mtu wake Nairobi. Mimi ndio nilikataa."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, niliutafuta mkono wangu nikakuta umeshikilia ufunguo. Mwaka mzima wa kusimama langoni na mbuzi, amina zote zile, na tundu lile kwenye sakafu ya gari la baba yangu. Lakini sauti iliyonitoka ilikuwa ndogo.

"Uliogopa nitakufa barabarani, ama uliogopa sitarudi?"

"Hutarudi," alisema.

Ningemjibu kwamba ni mpumbavu, kwamba ningekwenda wapi mimi, na mguu huu. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni. Kama ningekuwa nimeishia Kajiado ningelitoa. Nilifunga mdomo, naye akanitazama akaona nimefunga mdomo.

Tuliingia ndani. Niliweka ufunguo mezani na yeye hakuuchukua. Asubuhi ya Jumatatu tuliketi, sukari katikati, mkate katikati, ufunguo katikati, tukanywa chai mpaka ikaisha, na kila mmoja akamngoja mwenzake anyooshe mkono.