Suruali Nyeupe ya Masunga

Milembe alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuna nguo iliyowahi kumtia hofu, mpaka alipoambiwa kwamba moyo wake umetanuka na hautarudi ulivyokuwa. Daktari alikuwa kijana mpole, akazungukazunguka sana kabla ya kulifikia neno lenyewe. Alisema dawa zitamsaidia kupumua na miguu itapungua kuvimba, lakini ajiandae. Milembe hapendi mtu anayezungusha maneno, akamuuliza kama atauona msimu ujao wa pamba. Daktari akainamia faili lake. Milembe akachukua mkoba wake, akamshukuru, akatoka.

Alirudi nyumbani, nyuma ya soko la Bariadi, akaketi kwenye cherehani yake kama kawaida na kumalizia sare ya shule iliyokuwa ikisubiri vifungo. Hofu haikumjia siku ile. Ilimjia siku ya tatu, saa nane mchana, jua linawaka na watu wote wamejificha ndani. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, mara akajiona yuko mahali pasipo na mtu, anaita na hakuna anayeitika. Mikono ikamfa ganzi. Sindano ikaanguka, naye hakuinama kuitafuta.

Tangu siku hiyo hofu ikawa na saa yake, kama mteja asiyesahau ahadi. Saa nane ikikaribia, Milembe alianza kutafuta mtu wa kuzungumza naye, hata muuza karanga. Binti yake Elizabeth, aliyeolewa Lalago na kuja kumuuguza, alidhani mama anasumbuliwa na joto, akawa anamfungulia dirisha.

Sasa, watu wengi wanaogopa kufa na hilo si habari. Milembe alikuwa na hofu yake mwenyewe, na huwezi kuielewa bila kujua habari za mumewe Masunga, na za barua.

Masunga alikuwa dereva wa lori la marobota ya pamba, mrefu kuliko milango mingi. Waliishi Mwanza miaka kumi na minne. Huko ndiko walikokuja vijana wawili wamisionari wenye mashati meupe na tai, vibao vya majina kifuani, na kila kibao kimeandikwa Mzee. Vijana wenyewe hawajafika hata miaka ishirini na mbili. Masunga alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema kwa Wasukuma mzee ni mtu mwenye zizi, si mtoto asiye na ndevu, akawakaribisha maji ili aendelee kuwacheka. Baada ya miezi mitano alibatizwa, na Milembe naye. Masunga akaacha pombe. Akaacha na chai, kwa sababu Wamormoni hawanywi chai, na hapo Milembe alinung'unika kweli, maana pombe hakuwahi kuinywa lakini chai aliipenda. Hata hivyo mume aliyerudi nyumbani jioni alikuwa mwingine, anayekaa na mwanawe na kuuliza habari za siku. Milembe akaona chai si kitu.

Mwaka 2012 walikwenda na waumini wenzao mpaka Johannesburg, kwenye hekalu. Walivaa nguo nyeupe, wakapiga magoti wakitazamana, wakaambiwa kwamba kuanzia saa ile wameunganishwa, si mpaka kifo bali kwa milele yote. Masunga alilia. Milembe hakuwahi kumwona akilia, hata siku alipomzika mama yake mzazi.

Miaka mitatu baadaye Masunga akafa kwa ugonjwa wa ini, akazikwa kwao Sapiwi. Muumini aliyekwenda hekaluni huzikwa na nguo zake za hekaluni, na Milembe alimvisha mwenyewe, mlango umefungwa. Suruali nyeupe ilikuwa fupi kwa mtu wa urefu ule. Milembe alikuwa ameiongezea pindo la bafta tangu Johannesburg, kwa mkono, mshono wa kurudiarudia ambao mafundi wengine hawana subira nao. Alipomaliza kumvisha aliushika ule mshono, akamwambia wataonana.

Kisha akarudi Bariadi, mahali ambapo hakuna tawi la kanisa lake. Jumapili alikaa peke yake na simu, akasoma habari za kanisa lake. Huko ndiko alikokuta kwamba mpaka mwaka 1978 mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia katika mahekalu hayo. Mama yake, Nyamizi, alikufa mwaka 1976. Milembe aliwapigia viongozi wake wa Mwanza, wakamjibu kwa upole kwamba ni mambo yaliyopita na sababu yake hakuna aijuaye ila Mungu. Upole ule ulimkera kuliko ambavyo tusi lingemkera. Alimwona mama yake na kanga yake ya siku zote akifika mlangoni na kurudishwa kwa sababu ya ngozi. Akatafakari mwaka mzima, na mwaka 2021 akaandika kuomba jina lake lifutwe.

Jibu lilikuja, la adabu sana. Jina limefutwa. Ubatizo wake umefutwa pamoja nalo, na hekalu, na ule muungano wake na Masunga.

Aliisoma barua hiyo akiwa na afya, akaikunja, akaiweka sandukuni juu ya nguo zake nyeupe, akachemsha chai ya kwanza baada ya miaka mingi. Ilikuwa tamu. Miaka mitatu aliishi vizuri tu na uamuzi wake. Haamini, na hilo lieleweke. Lakini kutoamini ukiwa mzima ni jambo moja, na kutoamini ukilala umeegemea mito mitatu ili upate pumzi ni jambo jingine kabisa. Saa nane ilipofika, akili yake ilikwenda palepale. Kama wale watu walikosea, basi Masunga hayupo popote, na yeye anakwenda huko kusiko popote. Na kama walikuwa sahihi, Masunga amekaa ndani na nguo zake nyeupe, na Milembe ndiye aliyejifungia nje kwa saini yake mwenyewe.

Elizabeth alitaka aitwe padri, kwa kuwa Milembe alibatizwa Mkatoliki utotoni. Milembe alisema aitwe tu. Padri akaja, akampaka mafuta, wakazungumza juu ya mvua. Hofu ikabaki palepale, maana haikuwa hofu ya moto. Ilikuwa hofu ya kumkosa mtu mmoja.

Ndipo akampigia simu Nancy, rafiki yake wa kanisa la Mwanza, mwanamke mwema ambaye hata baada ya ile barua hakuacha kumsalimia. Nancy alikuja kwa basi na ndizi mbivu. Alimweleza kwamba mtu anaweza kurudi: atahojiwa, atasema kwa kinywa chake kwamba anaamini, atabatizwa upya, kisha baada ya muda yatafuata mambo ya hekalu. Milembe akauliza, na kama mtu anataka kurudi kwa mumewe tu lakini haamini? Nancy alimshika mkono, machozi yakamlenga, akasema hilo yeye hawezi kulijibu. Na zile nguo nyeupe, je? Nancy akasema taratibu kwamba aliyeondoka kanisani hazikwi nazo.

Nancy alipoondoka, Milembe alipata wazo ambalo lingemwaibisha miaka yote ya nyuma. Huyu ni mwanamke ambaye kipande cha kitambaa kikibaki alimrudishia mteja hata kama hakitoshi kushonea mfuko. Sasa alitaka kupenya mbinguni kwa kuiba. Azikwe na zile nguo kimyakimya, jina limefutwa au halijafutwa. Ikiwa hakuna kitu huko, hakuna atakayemuuliza. Ikiwa kipo, huenda Masunga atamwona kwa mbali na ule weupe, amjue, aje mlangoni kumsemea.

Lakini hawezi kujivisha mwenyewe. Mke huzikwa kwenye mji wa mumewe, na mwenye mji wa Sapiwi ni Machibya, kaka mkubwa wa Masunga, mwenye umri wa miaka sabini na tatu. Milembe akamwita.

Machibya alikuja mchana, mabegani ana kile kipande cha shuka nyeusi ambacho hakivui kiangazi wala masika, kimechanika upande mmoja na kinanuka moshi na ng'ombe.

“Mwadila, mayu,” alisalimia kwa Kisukuma, yaani habari za mchana, mama. Milembe akaitika. Wakaulizana hali za watu na mifugo mpaka zikaisha, ndipo Milembe akamweleza alichotaka, bila kuficha: sanduku liko wapi, nguo zipi, na kwamba Elizabeth asizuie na watu wa Mwanza wasijue. Akamwambia na sababu yake. Akamwambia anaogopa.

Machibya aliomba maji, hakuyanywa. Kisha akanyanyuka, akasema atarudi, akaenda zake. Milembe alibaki na uchungu, akidhani mzee amechukizwa na mambo ya Wamormoni. Siku mbili hakula vizuri. Mchana wa pili hofu ilimbana mpaka Elizabeth akakimbilia bodaboda kumpeleka hospitali, wakarudishwa na vidonge.

Siku ya tatu Machibya akarudi na mfuko wa salfeti wa kutilia nafaka. Aliomba Elizabeth awapishe. Akaketi, mfuko katikati ya miguu, akausogeza kwa Milembe.

“Fungua,” alisema.

Milembe akafungua. Kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi ya maziwa yaliyolala, kina madoa ya kutu. Alikitambua kwa vidole kabla ya macho. Pindo la bafta, mshono wa kurudiarudia.

“Mimi ndiye niliyemvua,” Machibya alisema. “Ulipotoka kwenda kukaa na wanawake, tuliingia mimi na wazee wawili kufunga jeneza. Tukamwangalia. Alikuwa amevaa kama mtu wa nchi nyingine, mayu, na kofia. Tukaogopa. Tulisema akifika kwa baba, baba atauliza huyu ni nani.”

Walimvua haraka, huku wakisikia kilio nje. Wakamfunga shuka ya baba yao, ile aliyojitanda alfajiri akienda zizini. Wakapiga misumari. Watu wa kanisa walipofika kutoka Mwanza na kuliombea kaburi, Machibya alisimama ameinamisha kichwa, nguo ziko chini ya ghala lake la mahindi. Hakuthubutu kuzichoma. Miaka tisa, kila ng'ombe alipotupa mimba, alijua ni Masunga anadai nguo zake.

Hasira ilimpanda Milembe kwanza, kubwa, kiasi kwamba alishindwa kuvuta pumzi na Machibya akainuka kumwita Elizabeth. Alimzuia kwa mkono. Walimvua mume wake. Yeye aliwaambia wanawake kwenye msiba kwamba amemvisha vizuri, kumbe alikuwa anasifia jeneza. Kisha hofu ikaja juu ya hasira: na kama alifika kule akarudishwa? Kama alisimama mlangoni hana hili wala lile, akisema kulikuwa na suruali, mke wangu aliiongezea pindo, sijui imekwendaje?

Aliiweka suruali mapajani. Akailainisha kwa kiganja, kama alainishavyo kitambaa kabla ya kukata.

“Kwa hiyo na yeye hana nguo,” alisema.

“Hana, mayu.”

Milembe akaanza kucheka, kicheko kidogo chenye kikohozi, na machozi yakafuata. Miaka tisa alikuwa amemwona Masunga ndani, kwenye mwanga, na tangu ile barua yeye mwenyewe nje. Kumbe kama kuna mlango, Masunga hakuupita akiwa amevaa walivyoagizwa. Alikwenda akinuka ng'ombe, bila kuulizwa, mahali ambapo hakuna kati yao aliyejua ni wapi.

“Shemeji,” aliuliza, “una hakika kwamba alifika kwa baba yenu?”

Machibya alijifuta uso. Mtu mwingine wa umri wake angesema ndiyo.

“Sina,” alisema. “Zamani nilikuwa na hakika. Nimezeeka, na sijui.”

Nje wapagazi walikuwa wanabishana juu ya gunia. Milembe aliitazama ile nguo iliyochanika mabegani mwa mzee, upande ulionyooka na upande wenye nyuzi, kwa jicho la fundi, na hapo akaelewa kile ambacho alikuwa akikiona kila mzee alipokuja.

“Hiyo shuka mliikata.”

“Shuka ya baba haiingii yote ardhini. Nusu inabaki kwa mkubwa wa nyumba.”

“Naitaka hiyo nusu. Mnizike nayo.”

Machibya aliishika kifuani kwa mikono miwili. Ilikuwa kitu cha pekee alichobaki nacho cha baba yake, na baada yake ingekwenda kwa mwanawe. Milembe hakumbembeleza. Alingoja tu, suruali mapajani. Mzee akaivua polepole, mabega yake yakaonekana membamba kama ya mtoto, akaiweka juu ya meza ya cherehani.

Mzee alipoondoka, Milembe alimwambia Elizabeth amsogeze kwenye dirisha. Alifumua lile pindo la bafta kwenye suruali, akaligeuza, akaanza kulishona kwenye ule upande uliochanika ili nyuzi zisiendelee kutoka. Saa nane ikafika, na hofu ikafika nayo, haikukosa. Mshono ukapinda. Kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kuacha mshono uliopinda. Safari hii aliutazama, hakuufumua, akaendelea kushona.